Usiivute mapema, usiiache mapema: mazoezi baada ya kukatika kwa kano ya kisigino

Katika msimu wa mabonanza ya maveterani, chumba chetu cha mazoezi tiba hupokea wanaume wenye umri wa kati ya miaka 30 na 50 ambao masimulizi yao yanafanana kiasi kwamba ningeweza kuwamalizia kabla hawajaketi. Alikuwa ameanza kuukimbilia mpira, akasikia mlio nyuma ya mguu, akageuka kwa hasira kumtafuta aliyempiga teke, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Kobe Bryant, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, naye alieleza kwamba alihisi kana kwamba amepigwa teke, tarehe 12 Aprili 2013, katika mechi ya Los Angeles Lakers dhidi ya Golden State Warriors. Alikuwa na umri wa miaka 34. Alikwenda mstarini akafunga mitupo yake miwili ya adhabu, kisha akatoka uwanjani akitembea kwa miguu yake mwenyewe, ilhali kano ya kisigino chake cha kushoto, ile ambayo wanamichezo huiita Akilesi, ilikuwa imekatika. Alifanyiwa upasuaji siku iliyofuata na akarudi kucheza tarehe 8 Desemba mwaka huohuo, yaani baada ya takriban miezi minane, tena akiwa na madaktari na walimu wa mazoezi wanaomfuata kila aendako.

Wagonjwa wangu wengi wakiisikia hesabu hiyo hunitazama kwa mashaka, kwa kuwa wametoka kwa daktari wakiamini kwamba mshono ndio tiba yenyewe na kwamba nyuzi zikishatolewa kilichobaki ni kusubiri. Ninaandika haya kwa ajili yao na kwa ajili ya ndugu wanaowauguza nyumbani, kwa sababu mguu wa namna hii huponzwa na mambo mawili yanayopingana: kuivuta kano mapema mno, na kuacha mazoezi mapema mno. Wako waliofaulu kuyafanya yote mawili kwa mguu mmoja.

Kano hii ndiyo nene na yenye nguvu kuliko kano nyingine zote mwilini. Inauunganisha mfupa wa kisigino na misuli miwili ya shavu la mguu: wa nje, wenye vichwa viwili, ambao unaanzia juu ya goti, na wa ndani, mpana na bapa, ambao unaanzia chini ya goti. Tofauti hiyo ya mahali inakoanzia ndiyo inayotulazimu kulifanya zoezi lilelile kwa namna mbili. Goti likinyooshwa, misuli yote miwili hufanya kazi. Goti likikunjwa, ule wa nje hulegea na sehemu kubwa ya mzigo humwangukia mwenzake wa ndani. Mtu anapokimbia, kano hubeba mzigo unaofikia mara 6 hadi 8 ya uzito wa mwili wake. Sehemu inayokatika zaidi ni ile iliyo kati ya sentimita 2 na 6 juu ya mfupa wa kisigino, ambako damu hufika kwa uchache kuliko sehemu nyingine.

Kuna jambo la utambuzi ambalo siwezi kulipita kimya, kwa sababu ndilo linalotuletea wagonjwa waliochelewa. Kano ikikatika kabisa, mtu bado anaweza kutembea na hata kukandamiza vidole vyake chini, kwa kuwa ipo misuli mingine midogo inayopita nyuma na pembeni mwa kifundo cha mguu na kuifanya kazi hiyo kwa udhaifu. Ndugu wakimwona anatembea, wanahitimisha kwamba ameteguka tu. Basi anakandwa kwa maji ya moto yenye chumvi, anaitwa mchuaji wa mtaani, na shavu la mguu linachuliwa kwa mafuta siku kadhaa mfululizo. Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Mgonjwa hulala kifudifudi, miguu ikining'inia ukingoni mwa kitanda, na shavu la mguu hubanwa kwa kiganja: kano ikiwa nzima, unyayo husogea, ikiwa imekatika, unyayo hutulia tuli. Simmonds alikieleza kipimo hiki mwaka 1957 na Thompson akakieleza tena mwaka 1962, na hadi leo sijaona sababu ya mgonjwa kuondoka zahanati yoyote bila kufanyiwa. Mara nyingi kidole kikipitishwa taratibu juu ya kisigino hukutana na bonde mahali ambapo kano ilipaswa kuwa.

Niseme pia kuhusu dawa, ingawa niko nje kidogo ya eneo langu. Antibayotiki za kundi la ciprofloxacin, ambazo kwetu watu hujinunulia duka la dawa bila cheti kila tumbo linapochafuka, zinajulikana kuongeza hatari ya kano kukatika, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza ziwekewe onyo la ngazi ya juu kabisa kwa sababu hiyo. Sindano za steroidi zinazochomwa kwenye kano inayouma nazo zimo katika kundi la tahadhari. Kwa hiyo mgonjwa akija na kano iliyokatika, au hata inayouma tu, swali la dawa alizotumia karibuni si la udadisi.

Je, lazima apasuliwe? Mwaka 2010 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya wagonjwa 144 ambao nusu yao walipasuliwa na nusu hawakupasuliwa, lakini wote walipewa mpango uleule wa kukanyaga na kufanya mazoezi mapema. Kano ilikatika tena kwa wagonjwa 2 wa kundi la upasuaji na 3 wa kundi la pili. Mwaka 2022 yakatoka matokeo makubwa zaidi kutoka Norway, yaliyochambua wagonjwa 526: baada ya miezi 12, waliopasuliwa hawakuwa na hali bora kuliko wasiopasuliwa kwa maelezo yao wenyewe, ingawa kano ilikatika tena kwa asilimia 6.2 ya wasiopasuliwa, na kwa asilimia 0.6 tu ya waliopasuliwa. Upande wa pili wa mizani, waliopasuliwa walipata zaidi majeraha ya mishipa ya fahamu. Uamuzi huo ni wa daktari bingwa wa mifupa na mgonjwa wake, na mtu aliyekaa wiki tatu akichuliwa hayuko sawa na aliyefika hospitali siku hiyohiyo. Ninachokishikilia mimi ni kwamba katika tafiti zote hizo mazoezi yalikuwa sehemu ya tiba kwa makundi yote, na kwamba kupasuliwa hakumpunguzii mtu hata siku moja ya mazoezi.

Sasa nirudi kwenye kile kinachowachanganya wagonjwa na, kwa masikitiko, baadhi ya wahudumu pia. Wengi wa wagonjwa wengine wa kifundo cha mguu tunaowaona ni watu waliovunjika katika ajali za bodaboda wakawekewa vyuma, au waliokaa na hogo, yaani plasta ngumu, wiki sita. Tatizo lao kuu ni ukakamavu: kifundo hakikunjiki tena, goti haliwezi kusogea mbele ya vidole, na kushuka ngazi kunakuwa kama kushuka kwa mguu wa mbao. Hao tunawataka wavute. Tunawapima kwa kuwasimamisha wakiuelekea ukuta, unyayo wote ukiwa chini, na kuangalia kidole gumba kinaweza kukaa mbali kiasi gani na ukuta huku goti bado likiugusa na kisigino bila kunyanyuka. Kisha tunalinganisha na mguu mzima kwa rula, na tofauti ya sentimita mbili inatosha kutupa kazi ya kufanya. Aliyeteguka naye ana habari yake. Ligamenti, yaani utepe unaounganisha mfupa na mfupa, ya mbele upande wa nje wa kifundo ndiyo inayoumia mara nyingi zaidi, na tangu mwaka 1965, daktari wa upasuaji wa Uingereza Michael Freeman alipoonyesha kwamba kifundo kilichoteguka hupoteza pia hisia ya mahali kilipo, mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja na kwenye ubao unaoyumba yamekuwa sehemu ya tiba. Mtu anayeteguka kila mara kwenye njia ya kawaida aghalabu hana mguu mbovu. Ana mguu ambao haukufundishwa tena kusawazisha.

Mgonjwa wa kano iliyokatika yuko kinyume na hao. Kano yake inapoungana, iwe kwa uzi au bila uzi, inaungana kwa tishu changa ambayo kwa majuma mengi hukubali kurefuka ikivutwa. Ikirefuka hata kwa sentimita chache, msuli unakuwa umepewa kamba ndefu kupita kiasi: unakaza, unafika mwisho wa uwezo wake wa kujikunja, na kisigino kimenyanyuka nusu tu. Karin Silbernagel na wenzake waliofanya kazi Gothenburg nchini Sweden walipima jambo hili wakaona kwamba urefu uliozidi wa kano unaendana na upungufu wa kimo ambacho kisigino kinaweza kunyanyuliwa. Upungufu huo hauondoki kwa kukaza moyo. Ndiyo maana mgonjwa anayekuja wiki ya nane akijisifu kwamba kifundo chake kinakunjika kuliko cha upande mzima hanifurahishi hata kidogo, na ndiyo maana namkataza mtu yeyote, awe mke, mjomba au mchuaji, kuzisukuma nyayo za mgonjwa huyu kuelekea juu kwa kisingizio cha kumlainisha.

Wiki mbili za kwanza kwa kawaida mguu hufungwa vidole vikielekea chini, na mgonjwa hatii uzito. Watu huziona wiki hizi kuwa za kulala, nami huziona kuwa za goti, nyonga na mguu wa pili: kunyanyua mguu ulionyooka ukiwa umelala chali, kunyoosha goti ukiwa kwenye kiti, kuchezesha vidole vinavyoonekana nje ya hogo, na kujifunza magongo ipasavyo. Kwenye ngazi, kupanda huanza mguu mzima. Kushuka huanza magongo na mguu mgonjwa. Kano iliyokatika na kufungwa huongeza hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa ya mguu, hivyo shavu la mguu likivimba ghafla, likiuma na kuwa na joto, au mgonjwa akipata pumzi fupi na maumivu ya kifua, aende hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Kuanzia wiki ya pili hadi ya sita, kwa mipango mingi ya siku hizi, mgonjwa huhamia kwenye buti la kitabibu lenye vipande vya kuinua kisigino ndani yake, akaanza kukanyaga kwa msaada wa magongo. Buti hilo ni ghali na mara nyingi hospitali inaagiza mgonjwa alitafute mwenyewe. Anayelikosa hubaki na hogo lililofungwa kwa pembe sahihi, jambo ambalo si dhambi, ila linamkosesha mazoezi ya mapema. Vipande vya kuinua kisigino tunavikata wenyewe kutoka soli za ndala kuukuu, tabaka juu ya tabaka, na kila baada ya muda aliopanga daktari tunatoa tabaka moja. Mgonjwa akiwa amekaa na buti limevuliwa, huelekeza vidole chini kadiri awezavyo, kisha huvirudisha hadi unyayo uwe pembe mraba na mguu, na hapo anasimama. Mipaka hiyo ya juu ndiyo ninayoirudia hadi wagonjwa wananichoka: kushuka ni ruhusa, kupanda ni mpaka pembe mraba.

Nyumbani ndiko sheria hii huvunjwa bila mtu kukusudia. Choo cha kuchuchumaa ni tatizo kubwa, kwa sababu kuchuchumaa huku visigino vimegusa sakafu huikunja nyonga, goti na kifundo hadi mwisho, na uzito wote wa mwili huivuta kano wakati huo. Suluhisho la bei nafuu ni kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati na kuwekwa juu ya tundu, kikiwa kimekazwa ili kisiteleze. Wagonjwa Waislamu huuliza kuhusu swala, na swali lao ni la msingi, kwa kuwa mtu anapoinuka kutoka sijida hujisukuma kwa vidole vya miguu, na katika kikao vidole vya mguu wa kulia hukunjwa na kisigino kusimamishwa. Ruhusa ya mgonjwa kuswali akiwa ameketi kitini inajulikana, na ninawasihi waitumie hadi tutakapokubaliana vinginevyo. Kisha kuna ndala. Mtu anavua buti, anavaa ndala bapa kwenda bafuni lenye sakafu iliyolowa, anateleza, kisigino kinashuka kwa nguvu, na kano iliyokuwa na umri wa wiki saba inakatika upya. Miezi ya mwanzo, hasa kipindi cha kuliacha buti, ndiyo yenye matukio ya namna hii. Kiatu cha kwanza baada ya buti kiwe cha kufunga, chenye kisigino kilichoinuka kidogo. Akina mama wana nafuu hapa, kwani kiatu hicho mara nyingi kiko tayari chini ya kitanda.

Kunyanyua kisigino ukiwa umeketi ndilo zoezi la kwanza la nguvu. Mgonjwa hukaa kitini, goti likiwa pembe mraba, unyayo chini, na kunyanyua kisigino taratibu, akakishikilia juu kwa kitambo, akakishusha taratibu. Kwa kuwa goti limekunjwa, msuli wa ndani ndio unaofanya kazi, nao hufanya kazi kubwa katika kutembea. Likizoeleka, tunaweka mzigo juu ya goti: mfuko wa unga wa kilo mbili, kisha wa kilo tano, kisha ndoo yenye maji yanayoongezwa kidogokidogo. Wengi hulidharau zoezi hili kwa sababu halitoi jasho. Mimi huwaambia wavue soksi waiangalie kano yenyewe ikifanya kazi kwenye miguu yote miwili kwa pamoja, na hapo huona wao wenyewe kwamba upande mmoja shavu la mguu linajikusanya na kupanda, na upande wa pili linatetemeka bila kupanda kwingi.

Baada ya hapo huja kusimama. Kunyanyua visigino vyote viwili ukiwa umeshika ukingo wa meza, huku uzito mwingi ukiwa mguu mzima. Kisha uzito nusu kwa nusu. Kisha kupanda kwa miguu miwili na kushuka kwa mmoja. Kisha, siku itakapofika, kupanda kwa mguu mmoja. Siku hiyo haifiki haraka. Kwa wengi inafika baada ya mwezi wa nne au wa tano, na wapo ambao kwao inachelewa zaidi, hivyo haifai kumlinganisha mgonjwa mmoja na mwingine. Katika hatua hii kazi yangu ni kukamata udanganyifu, ambao mgonjwa haufanyi kwa nia mbaya. Mwili unajua njia nyingi za kukwepa msuli dhaifu. Goti hukunjwa kidogo kisha kunyooshwa, na kichwa kinapanda ilhali kisigino hakijapanda. Mikono iliyotakiwa kugusa ukuta tu huanza kuusukuma. Kiwiliwili huegemea mbele. Uzito huhamia upande wa kidole kidogo cha mguu. Kwa hiyo tunafunga uzi kati ya miguu ya viti viwili, katika kimo kilichofikiwa na kisigino kizima, na unyanyuaji usiogusa uzi hauhesabiwi. Mtu mzima mwenye afya hutarajiwa kunyanyua kisigino kimoja takriban mara 25, ingawa idadi hupungua kadiri umri unavyosogea. Kwa hiyo kipimo changu kikuu ni mguu wake mwenyewe ulio mzima, kwa idadi na kwa kimo, na kimo kina uzito kuliko idadi.

Hapa ndipo intaneti inapowaponza. Mwaka 1998 Håkan Alfredson wa Umeå, Sweden, alichapisha mpango wa kushusha kisigino chini ya ukingo wa ngazi, mara 15 kwa seti 3, goti likiwa limenyooka na tena likiwa limekunjwa, mara mbili kwa siku kwa wiki 12, na wanariadha wa ridhaa 15 waliokuwa na kano zenye maumivu ya muda mrefu wakarudi kukimbia. Inasimuliwa kwamba alianza kwa kujifanyia mwenyewe akitaka kano yake ikatike ili apate kupasuliwa, na badala yake ikapona. Mpango huo umewasaidia watu wengi sana, na picha zake zimejaa kwenye simu za wagonjwa wangu. Lakini ulitungwa kwa kano inayouma ambayo haijakatika. Huko ndiko kuliko na akina Haile Gebrselassie, mkimbiaji wa Ethiopia, ambaye kano yake ilimsumbua kabla ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, akamshinda Paul Tergat wa Kenya katika mita 10,000 kwa sekunde 0.09, kisha akafanyiwa upasuaji na mwaka uliofuata akashika nafasi ya tatu katika mashindano ya dunia Edmonton. Mtu mwenye kano iliyounganishwa miezi miwili iliyopita akisimama kwenye ngazi na kukishusha kisigino chini ya usawa wa vidole, anafanya kilekile nilichokuwa nikikikataza kwa wiki zote hizo, tena kwa uzito wa mwili mzima. Zoezi la ukingo wa ngazi lina nafasi yake baadaye, kisigino kikishuka hadi usawa wa ngazi tu, na linaruhusiwa kwenda chini zaidi pale tu kimo cha kunyanyua kinapokuwa kizuri.

Mazoezi ya kusawazisha nayasema kwa ufupi kwa kuwa hayana utata: kusimama kwa mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki, kwanza kwenye sakafu, kisha juu ya godoro lililokunjwa, kisha macho yakiwa yamefumbwa na mtu akiwa karibu.

Kuhusu kuacha mapema, kipindi cha hatari ni mwezi wa nne hadi wa sita. Maumivu yameisha, kovu limekauka, mgonjwa anatembea kwenda kazini na anapanda daladala, na nauli ya kuja kliniki imeanza kuonekana kuwa ya bure. Simlaumu, ninajua nauli hiyo inatoka wapi. Ninacholalamikia ni desturi yetu ya kumuaga mgonjwa kwa maneno matatu, “endelea na mazoezi”, bila kumwandikia ni zoezi lipi, mara ngapi, kwa mzigo gani na hadi lini. Mgonjwa wa mbali ninamwandikia ukurasa mmoja, ninampiga picha kwa simu yake akifanya kila zoezi kwa usahihi, na ninampangia kurudi mara chache lakini kwa tarehe zenye maana: anapoliacha buti, anapojaribu mguu mmoja kwa mara ya kwanza, na kabla ya kukimbia. Mazoezi ya nguvu hayahitaji kufanywa kila siku katika hatua za juu. Siku tatu kwa wiki zenye mzigo mzito wa kweli hufaa kuliko kila siku kwa mzigo wa kuigiza.

Kukimbia huanza pale mtu anapoweza kutembea kwa haraka bila kuchechemea na kunyanyua kisigino cha mguu ule peke yake mara kadhaa kwa kimo kinachoridhisha. Tunaanza na kuruka kamba kwa miguu miwili, kisha kukimbia polepole kwa vipande vifupi vinavyokatizwa na kutembea, kwenye ardhi tambarare na ngumu kiasi. Ufukweni si mahali pa kuanzia, hata kama watu wa Dar es Salaam huniona mkali kwa kusema hivyo: mchanga mkavu humeza kisigino kikawa chini ya vidole, na kila hatua inakuwa mvuto. Mteremko wa kupanda nao ni vilevile. Kano ikiuma kidogo asubuhi baada ya zoezi jipya na maumivu yakaisha ndani ya siku moja, tunaendelea. Yakizidi hapo au pakivimba, tunarudi hatua moja nyuma.

Mpira wenyewe huja mwisho, na kwa mchezaji wa bonanza siukubali kabla ya miezi 9. Wengine huhitaji mwaka mzima, na wako ambao hawarudi kwenye kasi yao ya zamani hata wakifanya kila kitu sawasawa. David Beckham alikatika kano huko Milan tarehe 14 Machi 2010, akapasuliwa Turku nchini Finland, akaikosa fainali za Kombe la Dunia zilizochezwa Afrika Kusini, na akarudi uwanjani Septemba mwaka huo, jambo ambalo wagonjwa hunitajia kila ninapotamka miezi 9. Kazi yake ilikuwa mpira na mguu ule tu. Kwa wetu ninataka kwanza kuona idadi na kimo cha kunyanyua kisigino vikifika angalau asilimia 90 ya upande mzima, aruke kwa mguu mmoja mbele na pembeni bila kusita, ageuke kwa kasi, asimame ghafla, kisha ashiriki mazoezi ya timu kwa wiki kadhaa kabla ya kuingia kwenye mechi. Huwa namwomba pia namba ya nahodha wake na kumweleza mwenyewe, kwa sababu mchezaji aliyekaa benchi akiwa amevaa jezi, timu ikiwa imepungukiwa mtu mmoja, hataweza kukataa akiambiwa aingie kwa dakika kumi.